Jua Lililotoka Ziwani

Mwaka ule wa misako, mkimbizi aliyekutwa nje ya kambi alipakiwa lorini na masomo yake yakaishia hapo. Kwa hiyo Mapendo alikuwa mzaliwa wa Ilagala, kijiji cha huku Kigoma. Ndivyo shangazi yake wa Buzebazeba alivyomwandikisha shuleni. Hata shikamoo, ambayo kwao Kongo haikuwa mazoea, sasa ilimtoka bila kufikiri.

Walikuwa watatu, yeye na wenzake Elida na Gervasi, wakiandaa pazia la mchezo wa shule: ufuko wa ziwa, asubuhi. Walikuwa wameunga magunia, wakayapaka uji wa muhogo yakakakamaa. Elida alichora maji kwa bluu ya kufulia. Mapendo akapewa mbingu. Alichanganya bizari na udongo mwekundu, akachora jua likichomoza ziwani, na njia yake ing'aayo juu ya maji.

Gervasi, aliyekuwa akishona pindo, aliacha sindano. Baba yake alikuwa mgambo, na yeye mwenyewe alikuwa na macho ya kupima watu.

"We dada," alisema polepole, "siku hizi Ilagala jua linatoka ziwani?"

Elida akaangua kicheko. "Labda lilipotea njia!"

Mapendo hakucheka. Utoto wake wote jua lilitoka majini. Huku Kigoma lilizama humo, na hakuna mtoto wa huku asiyelijua hilo. Mkono wake umemchongea.

"Nimekosea. Nafuta."

"Usifute," Gervasi alisema. "Elida, tuletee maji mengine."

Kwa nini asifute? Ili baba yake aje kuona? Elida alitoka na ndoo. Mapendo akautazama mlango, kisha dirisha.

"Mwalimu hakusema ufuko wa wapi," Gervasi aliendelea. "Ila hapa chini ya jua pamebaki wazi. Mtu akikaa kule ng'ambo asubuhi, anaona nini?"

Akijibu, amekiri. Akinyamaza, je, hajakiri? Alimtazama usoni asione kitu. Akatazama chini. Brashi ya Gervasi ilikuwa imeshachovywa kwenye masizi, inamdondokea vidole vya miguu, naye hana habari. Anasubiri jibu tu, kama mchoraji.

Mapendo akavuta pumzi.

"Vilima," alisema. "Vya huku kwenu. Vinaonekana vidogo, kama moshi."

Gervasi akavuta mstari. "Hivi?"

"Vishushe kidogo."