Nyanya ya Jani la Kiazi

Marlys alikuwa mwanamke mwenye moyo mzuri, na watu wa namna hiyo ndio hatari ukiwapa mkasi.

Orrin Tveit aliligundua hilo Jumamosi ya kuuza miche, katikati ya Mei. Alitoka zizini na suruali yake ya kanda za mabegani na kofia ya majani, kama mkulima wa mwaka 1880. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake katika lile shamba la makumbusho la Wisconsin: kulima kama babu zao walivyolima walipofika kutoka Norwei, na kuwajibu wageni kana kwamba treni ndiyo kitu kipya kuliko vyote duniani.

Kwenye meza ya nyanya alisimama ghafla. Vikopo vyote vilivyoandikwa "Kvamme" vilikuwa na miche ya majani yenye meno, kama nyanya ya mtu yeyote. Nyanya ya Kvamme, mbegu ya kale yenye jina la familia iliyoitunza, haina meno. Jani lake ni pana, laini ukingoni, utadhani la kiazi.

"Marlys! Nani kapunguza miche hii?"

"Mimi. Kila kikopo kiliota miwili mitatu, nikaacha mmoja kama ulivyoniagiza." Marlys, msaidizi wake bustanini, akajifuta mikono kwenye aproni yake ndefu. "Ila Orrin, angalia mbegu zako. Viazi vilikuwa vimejaa humo. Nimevikata vyote."

"Viazi? Kwenye mbegu za nyanya?"

"Basi magugu. Unanikaripia nini?"

Orrin aliinua kikopo kimoja, akaelewa. Kosa lilianzia kiangazi kilichopita, mkuu wa shamba alipotaka bustani ionekane imejaa. Walipanda nyanya nyingine ubavuni mwa Kvamme na nyuki wakafanya kazi yao. Orrin alijua baadhi ya miche ingetoka chotara, na chotara huwa na meno. Alikusudia kuchagua mwenyewe, lakini kondoo walikuwa wanazaa. Kwa hiyo Marlys alilea chotara na kuwakata watoto wa halali. Mbegu nyingine hazikuwepo. Zile za miaka ya nyuma zilikuwa zimekufa ndani ya chupa.

Bi Ardis Kvamme alikuja na mkongojo wake kama kila Mei. Mbegu ilikuwa ya mama yake. Aliikabidhi kwa shamba siku alipohamia mjini, kwenye nyumba isiyo na hata shubiri ya udongo, na tangu hapo alinunua miche akaipande kwa binti yake. Aliinama, akashika jani.

"Hizi si zetu."

"Si zenu, Bi Ardis."

"Zetu ziko wapi?"

"Zimekatwa."

"Zote?"

Orrin alitazama chini. Bi Ardis hakutazama chini. Aliinua mkongojo akaonyesha kigari cha mteja aliyekuwa anaelekea getini. "Na ule je?"

Kati ya pilipili na kabichi kulikuwa na mche mmoja wa majani mapana. Yumkini kikopo hicho kilichipua mmoja tu, mkasi ukakosa la kuchagua. Mwenye kigari alikuwa Rudy Pacholski, mtu wa kitambi na kofia ya timu ya mpira. Orrin alimkimbilia.

"Bwana, kikopo hicho kimekosewa. Nikupe viwili badala yake."

"Kimekosewaje?"

"Majani yake si ya kawaida."

"Ndiyo maana nimekichukua. Kilikuwa pembeni peke yake, kinyonge kama mimi siku ya harusi yangu."

"Vitatu basi. Na pilipili juu."

Rudy akavuta kigari nyuma. "Kaka, baba yangu aliuza ng'ombe. Mtu hakupi watatu wazima achukue mmoja mgonjwa. Hiki ndicho kizuri, sivyo?"

Hapo Orrin aliuacha mwaka 1880, akamweleza yote, nyuki na mkasi. Rudy alisikiliza hadi mwisho. Akamgeukia Bi Ardis aliyewafikia akihema.

"Pole, mama. Ningekuwa na roho nzuri ningekupa. Sina. Na sasa ndiyo nakitaka zaidi."

"Mama yangu angekupenda," alisema Bi Ardis. "Naye alikuwa bahili hivyo hivyo. Orrin, una kisu?"

"Ninacho."

"Ukate."

"Mtaua mche wangu!"

"Nyanya haifi kwa kukatwa," Orrin alisema. "Kichwa hutoa mizizi, shina huchipua upya. Chagua kipande chako."

Rudy aliuzunguka mche kama anayekagua ndama. "Chenye mizizi."

Orrin alikata juu ya jani la pili. Rudy alipokea kisiki chake kwa mikono miwili.

"Usiupande karibu na nyanya nyingine," Bi Ardis alimwambia.

"Mahali nitakapoupanda sikwambii, mama. Mtakuja na kisu tena."

Orrin alichomeka kichwa kwenye udongo mbichi nyuma ya banda la kuni, penye kivuli, akakifunika kwa chupa pana ya kioo. Kufikia alasiri kilikuwa kimelala chali kama kitambaa kilicholowa. Labda kingeinuka, labda hapana. Bi Ardis alikataa kupelekwa nyumbani. Aliomba kiti, akaketi mbele ya chupa ile huku wageni wakipita na kuuliza kuna nini.

"Mgonjwa," aliwajibu.

Marlys alimletea maji ya limau, akainama kutazama. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kulia. "Nimwagilie kidogo?"

"Usiguse!" walisema Bi Ardis na Orrin kwa pamoja.