Feni ya Taa ya Mzee Ildefonsi

Mpepai nzima inajua kwamba mzee Ildefonsi ni mkweli kwa kila jambo isipokuwa moja. Zamani za ujana wake, alipokuwa akifanya kazi nyumbani kwa mapadri kule Lituhi, ziwani, aliona feni ikizungushwa na taa ya mafuta. Umeme hakuna, petroli hakuna, hata maji ya kuchemsha hakuna. Moto mdogo tu chini, na mapanga yanazunguka juu. Akisimulia hayo kilabuni, watu wanashika mbavu. Jirani yake Tarsisi ndiye aliyembandika jina la Mzee Feni, na jina likaganda kama utomvu wa mgomba kwenye shati.

Miaka yote hiyo alivumilia. Lakini mwaka huu, macho yalipoingia ukungu, akaanza kusema maneno mengine. "Kunigunda mwanangu, labda niliota tu. Labda nimewadanganya watu maisha yangu yote."

Binti yake akaumia, jamani, akaumia mpaka akakosa usingizi. Mzee wa watu azikwe akijiona mwongo? Thubutu!

Kunigunda ni fundi wa mashine za kumenyea kahawa, na hapa Mpepai hakuna anayemshinda. Akatafuta kwenye simu, akakuta mtu wa lugha asiyoijua akiunda injini ya hewa kwa makopo. Kumbe ipo! Akamwonyesha Tarsisi. "Za simuni hizo," Tarsisi akacheka, "simuni hata mbuzi anaimba." Na baba mwenyewe kioo cha simu hakioni. Basi ikabidi aiunde kwa mikono yake.

Akachukua kopo la maziwa ya unga. Ndani akaning'iniza kopo dogo lililozibwa, lipande na kushuka kwa spoku ya baiskeli. Pembeni akafunga puto, livimbe na kunywea. Juu akaweka sidii mbili kuukuu za muziki ziwe gurudumu, na mapanga ya karatasi ngumu. Chini, kibatari.

Haikuzunguka. Akaizamisha kwenye beseni kama tyubu ya baiskeli, akaona mapovu kwenye kiungo, akalehemu. Haikuzunguka. Akaukunja upya mkono wa gurudumu, ule waya unaoliunganisha na kopo na puto, ili kopo dogo litangulie puto kwa robo mzunguko, kama alivyoona simuni. Wapi! Akatia mafuta kila penye msuguano, akaweka kitambaa cha maji baridi juu ya kopo. Ukilisukuma gurudumu linakwenda nusu, linasimama, linakutazama.

Jumamosi asubuhi, baridi ya Juni imefunika mibuni, baba yake akatoka na blanketi mabegani, akaketi kando ya benchi la kazi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Bado inagoma?"

"Inagoma. Sijui imerogwa!"

"Hebu nieleze inavyotakiwa kwenda. Mimi niliiona tu, sikuielewa."

Kunigunda akapumua. "Hewa imefungiwa humo ndani, baba. Ikiwa chini kwenye moto inatanuka, inalisukuma puto. Kopo dogo likishuka, hewa inakimbilia juu kwenye baridi, inasinyaa, puto linanywea. Kopo likipanda, hewa inarudi chini kwenye moto. Hivyo hivyo, bila kuchoka."

Mzee akafikiri. "Na hiyo hewa ikienda juu na kurudi chini, inapitia wapi?"

Kunigunda akalitazama kopo. Akajipiga paji la uso. "Mama yangu wee!"

Ufundi wake ndio uliomponza. Kwenye mashine ya kahawa, ukiacha nafasi, punje zinapita na maganda yake na mwenye kahawa atakutukana mpaka ukoo wako. Kubana ndiyo sifa ya fundi. Kwa hiyo kopo dogo alilizungushia ukanda wa kanga, likakaa kama kizibo. Hewa ya moto ilibaki chini, ya baridi ikabaki juu, hazikuonana hata siku moja.

Akafungua, akautoa ukanda, akalirudisha kopo likining'inia huru bila kugusa ukuta. Akalehemu tena kifuniko. Akawasha kibatari, akalowesha kitambaa, akahesabu mpaka mia. Kisha akaligusa gurudumu kwa ncha ya kidole.

Likazunguka. Mara moja, mbili, kumi. Likaongeza mwendo, tik-tik-tik, peke yake, hakuna aliyelishika. Nywele zilimsisimka Kunigunda. Alijua kila kipande cha kitu kile, amekikata mwenyewe, na bado hakuamini. Hewa tupu, hii tunayovuta bure, inafanya kazi! Akapiga ishara ya msalaba bila kujua.

Akalisogeza benchi karibu na baba yake. Upepo mwembamba wa karatasi ukamgusa shavuni. Machozi yakamtoka mzee.

"Nikamwite Tarsisi?" Kunigunda akauliza.

"Mwache kwanza. Kuna jambo sijamwambia mtu. Siku ile Lituhi, ilipoanza kuzunguka, nilidhani ni pepo. Nilikimbia, mama. Niliporudi, padri alikuwa ameshaizima, na nikaona haya kumwomba aiwashe tena. Niliiona kwa muda wa kufumba na kufumbua tu."

Akavuta blanketi, akasogeza uso karibu zaidi na mapanga.

"Leo ongeza mafuta kwenye kibatari," akasema. "Siondoki hapa mpaka isimame yenyewe."