Dengu Zilizovimbiwa

Shangazi hakuweza kuvumilia kuona kiumbe chochote kikilala na njaa, hata mmea. Kwa hiyo alipomwona binti wa kaka yake akizigawia dengu mboji ya samadi na majani yaliyooza, konzi moja moja kama anayetia chumvi, moyo ulimuuma.

"Mwanangu, hiyo nayo ni shibe?"

"Inatosha, shangazi. Dengu hazina makuu."

Kaka alikuwa ameshatoa kauli: dengu zikizaa, shamba la nyuma ya nyumba ni la binti. Zisipozaa, yeye kaka anapanda mikaratusi, basi. Shangazi akaona hapa pana kazi ya mtu mzima. Kila binti alipokwenda kisimani, yeye alijitwisha ndoo ya mbolea ya kuku, akamwaga shinani, mstari hadi mstari. Aliuacha mstari wa mwisho tu, uliopakana na mizinga. Yeye na nyuki hawakuiva chungu kimoja.

Dengu zikanawiri! Wapita njia walisimama kuzisifu, na Shangazi akazipokea sifa zile kimoyomoyo.

Siku ya kuvuna, kaka alipekua majani mpaka mgongo ukamuuma. Ganda hapa, ganda kule, basi.

"Profesa, mbona majani matupu? Tufuge mbuzi?" alimkejeli binti yake.

Binti alichuchumaa, machozi yakimlengalenga. "Sielewi, baba. Nilizipa mboji kidogo tu."

Shangazi alipoyaona machozi, ulimi haukukaa tena.

"Kaka, usimlaumu mtoto. Mimi ndiye niliyezilisha. Kila siku. Mbolea ya kuku."

Binti akaangua kicheko huku bado analia. "Shangazi! Umezivimbisha! Dengu ikila kupita kiasi huota majani, ikasahau kuzaa."

"Ulizilisha zote?" kaka aliuliza.

"Zote... isipokuwa pale kwa wale wakorofi."

Wakaenda mizingani, Shangazi nyuma kabisa, khanga usoni. Mimea ya mstari ule ilikuwa mifupi, lakini imeinama kwa wingi wa maganda. Kaka aling'oa mmoja, akautikisa karibu na sikio. Ukalia kama njuga. Akautikisa tena, akitabasamu kama mtoto.

"Shamba lako, mwanangu. Kwa sharti moja tu."

Akaifuata ile ndoo ya mbolea ya kuku, akarudi, akaitundika juu ya mzinga wenye nyuki wakali kuliko wote.

Shangazi aliitazama kwa mbali. Ilikuwa ndoo nzuri sana, lakini si ya kumfanya mtu aumwe na nyuki.