Kilichoziba Sinki

...na maji yenyewe hayaendi, yamesimama tu kwenye sinki, fundi bomba mzima arudi kwake jioni amechoka na mabomba ya watu akute la kwake limeziba, haya, lala chali jikoni, ingiza kichwa chini ya sinki, bana simu yenye tochi kwa meno, aibu gani hii, majirani wakisikia si watacheka mpaka wakae chini, na spana nayo inateleza, jamani, leo kila kitu kimeamua kumwonea, tangu asubuhi kule kwa daktari, yule kijana mwenye miwani, aliyeyatazama majibu ya damu akakunja uso, mzee, kolesteroli haijashuka, imepanda... imepanda! miezi mitatu ya mboga za kuchemsha, kuku aliyevuliwa ngozi, maharage yasiyojua mafuta, uji wa shayiri asubuhi, na kutembea kila jioni mpaka muuza magazeti akamuuliza kama amefukuzwa nyumbani, suruali imelegea anaikaza kwa kamba, halafu imepanda, na daktari akaweka kalamu chini, akamwambia kwa upole, upole ule wa kumbembeleza mwongo, niambie ukweli mzee, ukiwa kazini unakula nini, maana mishipa ni kama mabomba, mafuta yakiganda ndani... anamfundisha yeye mabomba!

"Baba, maji yameanza kwenda?" Mama yake huyo, anapangusa meza, nyayo zake zenye nyufa zinapita karibu na sikio lake. "Bado, Mama," anasema na simu mdomoni, na nati imegoma, na afadhali huyo daktari, ni mtu baki, lakini mkewe, aliyekaa pembeni na mkoba mapajani, hakutamka neno mpaka wakafika getini, ndipo akasema, kumbe muda wote huu nahangaika na mtu anayenichezea akili, basi, tangu hapo kimya, mwanamke aliyelitoa nje kopo zima la samli kwa ajili yake, aliyeacha vya kukaanga yeye mwenyewe na anavipenda kufa, sasa yuko sebuleni anakunja nguo, na kila nguo anaikunja kwa hasira, na yeye mumewe hakula kitu huko kazini, haki ya Mungu hakula, wenzake walipakata chipsi mbele yake wakimwita sungura naye akatafuna karoti zake, mbona mtu asiaminiwe hata na anayelala naye kitanda kimoja, basi si angekula tu, angekula akashiba, lawama ni zilezile... hapo, nati imekubali, ndoo, sogeza ndoo, maji machafu yamemwagika yamemwingia hadi kwapani, khaa! na ndani ya lile bomba lililopinda kuna kitu, kimejaa, kigumu, anaingiza kidole, kinatoka bonge zima, jeupe.

Jeupe. Labda ni sabuni... sabuni ukiibana inavunjikavunjika, hili linalainika kwa joto la vidole, linateleza, anayajua mabonge haya, kazi yake ni haya, jikoni kwa watu hutoa ndoo nzima za uchafu huu, lakini hapa kwake mafuta yametoka wapi, nyumba isiyo na mafuta, analileta puani, samli, hiyo ni samli, na ubongo wake unakwenda polepole, hautaki kufika, maana mke anachelewa kurudi kutoka kazini na anayepika ni Mama, na Mama ndiye anayesema, sahani yako hii hapa, baba, nimekutengea, na sahani hiyo anaiosha Mama mwenyewe, hataki mtu aiguse, na yeye, mjinga mkubwa, wiki zote hizi akisifu mboga, akisema daktari alisema kweli, ulimi umezoea... ulimi umezoea! kumbe.

Moto unampanda kifuani, atoke, atoke sasa hivi na hili bonge mkononi aliweke juu ya zile nguo zilizokunjwa, tazama, mwongo ni nani, aombwe radhi, ndiyo, aombwe radhi mbele ya... mbele ya Mama? na kesho mkewe ampakie mizigo bibi huyu aliyekuja kuwasaidia, na ana haki, mwanamke ana haki kabisa, lakini Mama alimlisha marehemu Baba vilevile walivyoagizwa hospitali, bila chumvi, bila mafuta, na Baba akisukuma sahani, mke wangu, unanilisha maji, mpaka siku alipoanguka, na msibani Mama hakulia kifo, alilia chakula, nimemwacha aende na njaa, nimemwacha aende na njaa... na mwanawe naye akaanza kukaza suruali kwa kamba mbele ya macho yake.

Nyayo zimesimama. Magoti yanalia, Mama anachuchumaa, uso wake unaingia kwenye mwanga wa tochi, anatazama kiganja chake, kisha anamtazama yeye, na hamuulizi ni nini. "Ulikuwa unaisha, mwanangu," anasema, chini kwa chini, na hasira ile iko palepale, haijaenda popote, ila sasa imekosa pa kumshika, atamwambiaje mtu huyu, anaitoa simu mdomoni, "Mama, ukiendelea hivi, wewe ndiye utakayenizika," na mkono wa Mama unashika ukingo wa ndoo, na kutoka sebuleni mkewe, sauti ya kwanza tangu asubuhi, "Umeona kilichoziba?" na yeye bado yuko chali, samli inayeyuka ikishuka kwenye kifundo cha mkono, leo asubuhi angeuza chochote aulizwe swali kama hilo, ajitetee. "Nimeona," anasema. "Ni nini?" anauliza mkewe, na hatua zake zinakuja.