Kiatu cha Rupinder

Wivu hauna adabu. Unakufuata hata gurdwara, hekalu la Kalasinga, kichwa umekifunika vizuri na Mungu umemtaja.

Nasib Kaur alikuwa ameshika mwiko wa dengu katika jiko la hekalu miaka kumi na miwili. Kijiji kizima huketi chini safu moja, mwenye trekta na mwenye jembe, wakila chakula kilekile, na kila Jumapili hakosi mtu wa kusema, "Mkono huu, jamani!" Kisha shemeji yake akamwoa Rupinder.

"Nasib, leo mwachie Rupinder mwiko," alisema Bibi Bachint, mkuu wa jiko. "Wewe umechoka."

"Nimechoka lini, bibi?"

"Juzi watu waliziomba dengu zake mara tatu. Tuache tunenepe!"

Jiko likaangua kicheko. Rupinder akainamisha macho. "Dada, nitaharibu mie. Njoo unielekeze."

Unyenyekevu ule ulimchoma Nasib kuliko tusi. Akatoka barazani, penye viatu vya watu. Vya Rupinder vilijitangaza vyenyewe: ngozi, nyuzi za dhahabu, vya harusini. Nasib hakutaka makubwa. Kimoja tu kitumbukie kwenye mtaro wa maji machafu, bi harusi arudi kwake akichechemea, kijiji kikimtazama.

Alikuwa tayari amekiinua.

"Nasib! Na kiatu cha mwenzio?" Bibi Bachint alikuwa mlangoni.

Mkono, uliozoea tangu utotoni ibada ya kufuta viatu vya waumini, ukanyakua ncha ya mtandio ukaanza kufuta.

"Njooni muone!" bibi akapaza sauti. "Kapokonywa mwiko, kaja kufuta vumbi la aliyempokonya! Hiyo ndiyo dini, wasichana, si kupaka wanja!"

Wanaume wakamletea vyao, vyenye tope la mashamba ya ngano. Nasib akafuta, uso chini, sifa zikimwingia tamu kama halua. Kwa mara ya kwanza tangu ile harusi, alipumua.

Mara Rupinder akachuchumaa ubavuni pake, vidole vya manjano kwa bizari.

"Dada, peke yako? Nipe kitambaa."

"Rudi jikoni, dengu zitaungua."

"Zimeiva zamani."

Zamani! Nasib akauma mdomo. Rupinder akaanza kufuta kwa mtandio wake. Haukupita muda Bibi Bachint akamwinamia, mkono kiunoni.

"Hee! Huyu mtoto anafuta mpaka soli!"

Nasib alikigeuza kiatu alichoshika, akaanza kukwangua tope la chini kwa kucha.