Vyote Vinaitwa Mama Mkubwa

Kaka yangu tunamwita Injinia. Hakuna chuo kilichompa jina hilo. Mwaka fulani aliipiga redio kofi ikaanza kuongea, na tangu siku hiyo kila kitu chenye waya, na sasa hata visivyo na waya, lazima vipite mikononi mwake kwanza viharibike. Nasema kaka ingawa ni mtoto wa Mama Mkubwa, dada yake marehemu mama yangu. Tumelelewa naye nyumba moja tangu nina miaka tisa, kwa hiyo nina haki ya kumsema.

Mama Mkubwa ndiye mwenye duka la dobi. Wateja nao wanamwita Mama Mkubwa, hata wazee waliomzidi umri, kwa sababu hakuna aliyewahi kupata ujasiri wa kumuuliza jina lake. Mimi ni mpiga pasi wake. Miaka kumi na moja nimesimama nyuma ya meza ile ile, upande wa pili wa ukuta wa kaunta, nikinyoosha mashati ya wanaume nisiowajua, na siku hizi nikiona kola tu naweza kukuambia mwenyewe ni mtu wa namna gani.

Siku ninayoisimulia ilikuwa Alhamisi, na saa nne kamili asubuhi nilikuwa nasubiri simu. Hoteli moja kubwa ilikuwa inatafuta msimamizi wa chumba cha nguo: watu kumi na wawili chini yake, ofisi yenye mlango, funguo mfukoni. Niliomba kwa siri, wakanijibu kwamba watanihoji kwa simu. Mama Mkubwa hakujua lolote, na niliapa asijue mpaka kazi iwe mkononi, maana mwanamke yule ukimwambia kichwa kinakuuma anakuuliza mashuka umemwachia nani. Mpango wangu ulikuwa nipate kazi kwanza, kisha niandike barua, niiache juu ya meza ya pasi, nikimbie. Ndiyo, nikimbie. Mtu mzima wa miaka thelathini na minne.

Kikwazo kilikuwa simu yenyewe. Wiki mbili kabla ilitumbukia kwenye ndoo ya wanga. Tuliitoa, tukaikausha, ikafufuka, lakini kile kispika kidogo cha sikioni kiliganda moja kwa moja. Ilibaki sauti ya nje tu, ile ya kutangazia mtaa mzima. Ndiyo maana nilinunua hedifoni zisizo na waya, kisha nikafanya kosa la kumpa Injinia aziunganishe.

Sasa uelewe jinsi dobi anavyofikiri. Kwetu nguo haiitwi kwa rangi wala kwa aina, inaitwa kwa jina la mwenyewe. Ukisema shati la bluu hujasema kitu, mashati ya bluu yako arobaini. Kuna Mwalimu, kuna Daktari, kuna Bwana Harusi ambaye ndoa yake ilishavunjika lakini jina limebaki, na kila mmoja ameandikwa kwenye kitambaa cheupe kilichoshonewa ndani ya kola. Tunasema, "Daktari hajakauka," na, "Mwalimu ana doa mgongoni." Kitu kisicho na kitambaa kikipita kaunta, sheria ya Mama Mkubwa ni kwamba kinaandikwa jina lake yeye mpaka mwenyewe ajitokeze.

Injinia amekulia ndani ya sheria hiyo. Alipochukua simu yangu akaunganisha bluetooth na spika ya kaunta, na redio ya gari la kupelekea nguo, na hedifoni zangu, aliona vyote havina kitambaa, akaviandika vyote jina la mwenye nyumba. Nikifungua orodha ya vifaa naona Mama Mkubwa, chini yake Mama Mkubwa, na chini yake tena Mama Mkubwa. Nyumbani yuko mmoja na anatutosha.

Saa tatu na nusu nilijifungia chumba cha mashuka nifanye majaribio. Nikavaa hedifoni, nikabonyeza Mama Mkubwa wa kwanza, nikacheza muziki. Masikioni kimya. Uani nikasikia gari linaimba kwa sauti ya kupasua vioo, na Injinia, aliyekuwa amejilaza ndani akisikiliza uchambuzi wa mpira, akatoka anatukana. Nikabonyeza wa pili, simu ikasema imeshindwa kuunganisha. Wa tatu hivyo hivyo. Ilibidi nimwite fundi aliyeniroga aje kuniagua.

"Umezima ukawasha?" akauliza kabla hajafika mlangoni.

"Nimezima nikawasha."

"Umezima nini?"

"Vyote, kaka. Ningeweza ningekuzima na wewe."

Akazichukua hedifoni, akazigeuza, akatazama simu yake, kisha akakohoa kile kikohozi cha mtu mwenye hatia. Kumbe tangu Jumatatu alikuwa anazitumia usiku kusikilizia mpira. Mchana nilipoziwasha, zilikimbilia simu yake iliyokuwa hapo uani na kuing'ang'ania, yangu hazina habari nayo.

"Nilikuwa nazijaribu," akasema.

"Siku nne?"

"Majaribio yanataka muda."

Nitampa haki yake: mara hii alifanya inavyotakiwa. Alizima bluetooth ya simu yake. Akabana vitufe viwili vya hedifoni kwa pamoja, akahesabu mpaka kumi, taa ikaanza kuwaka nyekundu na nyeupe kwa kupokezana, ndiyo dalili kwamba zimesahau kila simu ziliyowahi kuijua. Kwenye simu yangu akalitafuta jina la zamani la hedifoni, akabonyeza "sahau", kisha akatafuta kifaa kipya. Likatokea jina la kiwandani, herufi na tarakimu tupu. Akaligusa, na masikioni nikasikia mlio mdogo, halafu muziki, safi kabisa. Nilifurahi nikamsamehe Jumatatu, Jumanne na Jumatano. Nilipotazama kioo, jina la kiwandani lilikuwa limeshafutwa.

"Kaka, mbona umeziandika tena Mama Mkubwa?"

"Sasa niziandike nani? Hazina kitambaa."

Muda wa kubishana haukuwepo. Akarudi kwenye gari lake, mimi nikazivua hedifoni, nikaketi juu ya furushi la mashuka na kuanza kukariri majibu. Kitu ambacho Injinia hakuniambia, kwa kuwa hakukijua, ni kwamba hedifoni zile zikikaa kimya dakika chache zinajizima zenyewe kulinda chaji. Zilijizima. Wakati huo huo, upande wa pili wa ukuta, Mama Mkubwa aliwasha spika ya kaunta. Anaipenda spika ile kwa sababu ina kinasa sauti, na anaweza kugombana na wateja kwa simu huku mikono yake imejaa nguo. Simu yangu ikaona hedifoni hazipo na spika ipo, ikahamia huko bila kuniuliza.

Saa nne kamili simu ikatetemeka. Nikazirudisha hedifoni masikioni na kutazama kioo. Kiliandika: imeunganishwa, Mama Mkubwa. Nikapokea kwa roho safi.

"Haloo, habari za asubuhi."

Kimya.

"Haloo?"

Kimya tena. Kisha, kutoka dukani, nikasikia sauti ya mwanamke mstaarabu imejaa chumba kizima: "Habari za asubuhi. Tunaongea na yule dada mpiga pasi, aliyeomba nafasi ya msimamizi wa chumba cha nguo hotelini kwetu?"

Kule kaunta palikuwa na wateja watatu wakilalamikia vifungo, na wote wakaigeukia spika.

"Mnaongea na bosi wake," akasema Mama Mkubwa. "Endeleeni tu. Maswali yenu nayaweza."

Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe chekundu. Nikikata, kazi imekwenda. Nisipokata, Mama Mkubwa anajua, na alikuwa ameshajua. Ningeweza kurudisha sauti kwenye simu, lakini kwa hofu akili haikufika huko. Akili yangu ilikuwa inatafuta dirisha, na chumba cha mashuka hakina dirisha.

Kwenye spika wenye hoteli walinong'onezana kidogo, kisha yule mwanamke akauliza, kama mtu asiyejua afanye nini kingine, "Mwombaji ana uzoefu gani na vitambaa laini?"

"Hariri anaipiga kwa ndani, pasi ya uvuguvugu, na kitambaa juu yake. Hajaunguza hariri hata siku moja. Mwaka wake wa kwanza aliunguza koti la mtu, nikampigia kelele mpaka koo likanikauka. Hajarudia."

"Na kuongoza watu, anaweza?"

"Anamwongoza mwanangu, na mwanangu haongozeki."

"Mama," nikasikia Injinia akilalamika kutoka mlango wa uani.

"Nyamaza, watu wako kazini."

Sauti ya mwanamume ikaingilia. "Samahani mama, utaratibu wetu ni kumhoji mwombaji mwenyewe."

"Mtamhoji. Bado anatafuta ujasiri, yuko chumba cha mashuka huko ndani."

Mteja mmoja akacheka, na nikajua tu kwamba ametazamwa, maana kicheko kilikatika katikati.

"Basi tungependa kujua," akasema yule mwanamke, "kwa nini anataka kuacha kazi aliyonayo."

Hapo Mama Mkubwa hakujibu. Nilisubiri ajibu. Miaka yote hakuna swali lililowahi kupita mbele yake likabaki na njaa.

"Hilo," akasema pole pole, "hata mimi ningependa kulisikia."

Mficha uchi hazai, walisema, nami nilikuwa nimeficha vya kutosha. Nikafungua mlango. Mama Mkubwa alikuwa amekumbatia mapazia ya mtu, mabichi, yanamlowesha kifuani. Hakunitazama kwa ukali. Ningependa angenitazama kwa ukali, huo nimeuzoea. Nikaenda mpaka kwenye kaunta na kuinamia spika, maana kuongea na uso wake nisingeweza.

"Mimi ndiye mwombaji," nikasema. "Nataka kuacha kwa sababu kazi hii naijua, na hapa sitakuwa chochote zaidi ya mpiga pasi. Miaka kumi na moja sijawahi kupewa ufunguo wa mlango. Sijawahi kuulizwa tununue sabuni gani. Nikisema kitu naambiwa nikanyooshe kola. Nampenda mama yangu mkubwa, kanilea, na kila ninachokijua kanifundisha yeye. Lakini nimechoka kuwa mtoto."

Nilikusudia kuongeza kitu kuhusu nidhamu ya kazi, nilichokikariri usiku mzima, lakini kilikuwa kimenitoka kichwani.

Kule hotelini karatasi zikageuzwa. "Asante, dada," akasema yule mwanamke hatimaye. "Na wewe mama, kwa kuwa upo. Akiondoka huyu, mtaweza?"

Nikajua nimekwisha. Neno moja la Mama Mkubwa lingetosha: mchelewaji, mkaidi, mwizi wa sabuni. Tena asingehitaji kusema uongo, kuchelewa nachelewa. Akayaweka mapazia juu ya kaunta, akajifuta mikono kwenye kanga aliyojifunga kiunoni, akaisogelea spika.

"Hatutaweza," akasema. "Mchukueni."

Wakasema watanijulisha Jumatatu, wakaaga, spika ikalia mlio wake wa kukata. Wateja wakawa wanatazama dari kama imepakwa rangi mpya.

"Ungeniambia lini?" Mama Mkubwa akaniuliza.

"Nilikuwa niandike barua."

"Barua. Halafu?"

"Niiache mezani."

"Halafu?"

"Nikimbie."

"Miaka ishirini na mitano unakula kwangu, unitoroke kama mwizi?"

"Nakuogopa, Mama Mkubwa."

Nilitegemea anipe vidonge vyangu palepale, mbele ya watu. Badala yake alitazama vidole vyake vilivyokunjamana kwa maji.

"Mama yako naye aliniogopa," akasema. "Asubuhi moja niliamka nikakuta kitanda chake kimetandikwa, na yeye hayupo. Hakuaga. Alijua nitamkatalia, na ni kweli ningemkatalia. Sikumwona tena. Nilichokuja kuona ni wewe na begi lako."

Hilo hakuwahi kunisimulia. Nilikuwa nikidhani mama alihama tu, kama watu wanavyohama. Nikaanza kulia bila kujificha, na mteja mmoja akanisogezea taulo la mtu.

"Hayo machozi usiyatie kwenye nguo za watu," akasema Mama Mkubwa, huku na yeye akijipangusa kwa pazia. "Nenda kamalize mashuka. Na wakikuchukua, siku ya kuondoka uniage. Nikiwa macho. Ukae kwanza, tunywe chai, ndipo uende."

"Nitakuaga, Mama Mkubwa."

"Sema tena."

Nikasema tena.