Mistari Miwili ya Baba Kiboko

"Rudisha! Hapo anapoinua mkono!"

Kinyozi akarudisha. Kwenye televisheni, Baba Kiboko wa ile katuni ya kuchekesha akainua tena mkono wake mnene. Muuguzi, nywele nusu zimekatwa na nusu bado, akanyoosha kidole.

"Mkono huu wa shati una mistari miwili ya pasi. Ule una mmoja. Hiyo ni ishara."

"Ishara ya nini, dada? Mchoraji kapitiwa."

"Apitiwe vipindi arobaini? Nimehesabu!"

Dobi aliyepangisha kona ya kibanda kile cha kinyozi alikuwa ananyoosha kola. Miaka yote aliusikiliza ubishi wao bila kutia neno. Wao mashabiki, yeye mtu wa pasi. Leo aliiegesha pasi.

"Hajapitiwa," alisema. "Shati hilo limepigwa pasi na mtu wa mashoto, kwenye meza iliyobana ukutani. Mkono wa mwisho haumkai vizuri, anaugeuza, mstari wa pili unazaliwa."

Wakamtazama kana kwamba pasi yenyewe imesema.

"Umejuaje, mama?"

"Mdogo wangu alikuwa akipiga pasi hivyo. Mama alikuwa akimchapa kwa sababu anatumia mkono wa kushoto, na mimi nikimcheka. Akaondoka nyumbani, hajarudi. Mwaka wa kumi na mmoja huu."

Kinyozi alikohoa. "Watu wa mashoto wamejaa duniani, mama."

"Wamejaa."

Hata hivyo dobi alisukuma meza yake mpaka ukutani, akatandika shati, akashika pasi kwa kushoto. Mstari wa pili ukajitokeza, upana wa kidole kutoka ule wa kwanza. Muuguzi alishika mdomo.

Kipindi kilipoisha majina ya watengenezaji yakapanda mbiombio. Kinyozi akasimamisha picha penye namba ya studio. Muuguzi akatoa simu yake, akapiga, akaweka spika.

"Tunakusikiliza," ilisema sauti ya mwanamume.

"Samahani, kaka," muuguzi akauliza. "Shati la Baba Kiboko, mchoraji alichora kwa kuangalia la nani?"

Mtu yule akacheka. "La kwake! Tunamtania kila siku kwa hiyo mistari."

"Na nani humpigia pasi?" dobi akadakia.

"Hilo hatujawahi kuulizwa. Subiri nimwite mchoraji mwenyewe."

Kule studio simu ikawekwa mezani. Dobi alisikia kiti kikiburutwa, nyayo zikienda, mlango ukifunguliwa. Kinyozi alipunguza sauti ya televisheni bila kuambiwa. Kisha nyayo zikaanza kurudi, na dobi akajikuta amesimama wima, anafuta kiganja kwenye gauni, kama mtu aliyesikia hodi.